Tezi ya Thairoidi Inapovimba kwa Maumivu

Wagonjwa wengi wenye ugonjwa huu hunifikia hapa Nairobi wakiwa wameshatibiwa tonsili, sikio au jino, kwa kuwa maumivu ya tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, hupanda hadi kwenye taya na sikio. Ugonjwa wenyewe, ambao daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliueleza mwaka 1904, kwa kawaida hufuata mafua au homa ya virusi baada ya wiki kadhaa, na huwapata wanawake zaidi. Ninapoibonyeza tezi taratibu naikuta ngumu, na mara nyingi mgonjwa huushika mkono wangu kabla sijamaliza. Wiki inayofuata huenda upande wa tezi uliokuwa ukiuma umetulia na wa pili umeanza kuuma.

Katika hatua ya kwanza, vifuko vidogo ambamo tezi huweka akiba ya homoni huharibika, na akiba hiyo humwagika kwenye damu. Moyo hudunda kasi, vidole hutetemeka, uzito hupungua, na TSH, homoni ya kwenye ubongo inayoiamuru tezi ifanye kazi, hushuka mno. Majibu hayo, yakisomwa peke yake, hufanana na ya tezi inayotengeneza homoni kupita kiasi, na hapo ndipo mgonjwa huanzishiwa kabimazoli. Dawa hiyo huzuia utengenezaji wa homoni mpya, ilhali iliyomwagika imekwisha kutengenezwa. Haimfai, na yaweza kumdhuru bure. Ndiyo maana nasisitiza kipimo cha ESR, cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, ambacho hapa hupanda sana, mara nyingi kupita milimita 50 kwa saa. Anachohitaji ni ibuprofeni, au prednisoloni maumivu yakikataa kutulia, na propranololi ya kutuliza moyo. Antibiotiki hazina kazi.

Akiba huisha baada ya wiki 4 hadi 8 hivi. Vipimo hurudi kawaida kwa muda mfupi, kisha baadhi ya wagonjwa huingia katika upungufu: uchovu, kuhisi baridi, choo kigumu, TSH kupanda. Aliyeambiwa juzi kwamba homoni zimezidi hushtuka akisikia sasa zimepungua, na wengine hubadilisha daktari, ingawa ugonjwa ni ule ule na tezi inajijenga upya. Dalili zikiwa nzito nampa levothairoksini, yaani homoni ya thairoidi ya kidonge, kwa miezi michache, kisha naisimamisha na kupima TSH tena baada ya wiki 6. Wengi hupona kabisa. Takriban 5 hadi 15 kati ya 100 hubaki na upungufu wa kudumu, na hao huendelea na kidonge kila asubuhi kabla ya chai.