Mfundishe kutafiti kwa kumpa msomaji anayejua

Wanafunzi wa sekondari hapa Kenya huandika insha nyingi, na karibu zote zina msomaji mmoja tu: mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hudai insha mbili, kila moja isipungue maneno 400 na kila moja ina alama 20. Swali la kwanza ni la lazima, na huwa la kiuamilifu: barua, ripoti, tahariri, mahojiano na kadhalika. Mwanafunzi hodari anaweza kuandika ripoti safi kabisa, yenye utangulizi, mapendekezo na sahihi, kuhusu jambo ambalo hakulichunguza hata kidogo. Ripoti ipo ili kumjuza mtu asichokijua, na hapo ndipo tunapowaacha wanafunzi wetu wajitegemee.

Mimi huwafundisha kutafiti kwa gazeti la ukutani. Ni karatasi za manila zinazobandikwa nje ya darasa, kwenye njia ya kuelekea jikoni ambako kila mtu hupita. Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo mimi ndiye ninayepiga picha na kuituma kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Wazo lenyewe ni kongwe. Mwaka 1924 mwalimu Mfaransa Célestin Freinet aliingiza mashine ndogo ya kuchapia katika darasa lake la kijijini huko Bar-sur-Loup, watoto wakawa wanachapa maandishi yao wenyewe na kubadilishana na darasa la mbali. Alichokiona Freinet nami nakiona kila muhula: mtoto akijua kuwa maneno yake yatasomwa na watu, huyapima kabla ya kuyaandika.

Ugumu huanzia kwenye swali. Mwambie mtoto wa Mombasa achunguze historia ya mji wake, atakuletea ngome ya Fort Jesus: Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakaiteka 1698, Waingereza wakaifanya jela, sasa ni makumbusho. Yote ni kweli na yote yamenakiliwa, maana hakuna alichokuwa anakitafuta. Nataka swali dogo ambalo mwanafunzi anaweza kulifuata kwa miguu yake.

Kundi moja la kidato cha pili lilichagua Pembe za Ndovu pale Moi Avenue mjini Mombasa, zile sanamu kubwa za barabarani ambazo wapita njia huzipiga picha kila siku. Swali lao: ziliwekwa lini, na kwa ajili ya nani? Wakakuta kwenye intaneti kurasa zinazosema 1952, kwa heshima ya Elizabeth wa Uingereza, na nyingine zinazosema 1956, kwa ziara ya dada yake Margaret. Wakaja kuniuliza ipi ni sahihi. Sikuwajibu, nikawarudisha kwenye madaftari yao.

Daftari la utafiti tunaligawa safu mbili. Kushoto huandikwa chanzo kilisema nini, kwa maneno yake yenyewe, pamoja na jina la chanzo na tarehe kilipoandikwa. Kulia mwanafunzi huandika anachokiona yeye: shaka, swali, ulinganisho. Wakati wa kuandika makala, chanzo hufungwa na safu ya kulia tu ndiyo hubaki wazi. Kwa maoni yangu hii ndiyo dawa pekee ya kunakili inayofanya kazi. Kumkemea mtoto kwamba ananakili humfundisha kuficha tu.

Safu ya kulia iliwapeleka kwa wazee. Hapo kuna adabu yake: shikamoo kwanza, ueleze wewe ni mtoto wa nani na unatafuta nini, uombe ruhusa ya kuandika. Usianze na "mwaka gani?" Wazee wengi hawahesabu kwa miaka, wanahesabu kwa matukio. Muulize alikuwa akiishi wapi, akifanya kazi gani, daraja jipya la Nyali lilikuwa limeshajengwa au bado. Akisema bado, umeshajua kuwa anazungumzia kabla ya 1980. Kutoka hapo unasogea taratibu.

Makala ilipobandikwa, ilikuwa na sentensi hii: "Pembe hizi zilijengwa katika barabara ya Moi Avenue mwaka 1952." Jioni ile ile mzazi mmoja akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi: wanangu, mwaka huo hakukuwa na Moi Avenue, hiyo ilikuwa Kilindini Road. Moi aliingia urais mwaka 1978. Niliwachezea sauti hiyo asubuhi, na darasa zima likanyamaza likifikiri. Hakuna maoni yangu pembeni mwa karatasi ambayo yamewahi kusomwa kwa makini namna ile.

Waliiandika upya: "Pembe ziko katika barabara ambayo leo inaitwa Moi Avenue, zamani Kilindini Road. Baadhi ya kurasa za intaneti zinasema ziliwekwa 1952 kwa heshima ya Elizabeth, nyingine zinasema 1956 kwa ziara ya Margaret. Hatujapata hati ya wakati huo inayothibitisha." Ni sentensi tatu zisizo na methali wala tamathali, na nazithamini kuliko insha nyingi za alama 18. Mwandishi ametenganisha anachokijua, alichoambiwa na kisichothibitika.

Ndiyo maana katika rasimu ya kwanza sisahihishi tahajia. Nauliza tu: swali lako liko wapi, hili umelijuaje, na wewe mwenyewe unasemaje? Tahajia na sarufi tunazishughulikia kabla ya kubandika, na hapo wanafunzi wenyewe hukazana, kwa kuwa hakuna anayetaka mpishi wa shule amwonyeshe kosa la "l" na "r". Chini ya kila makala tunaacha nafasi tupu na kalamu iliyofungwa kwa uzi, kwa yeyote mwenye nyongeza au pingamizi. Muhula huu kundi jingine linachunguza majina ya vituo vya matatu kati ya mjini na Likoni, na tayari pingamizi zimejaa hadi pembeni mwa karatasi.