Ukoga wa Kisimani Haupimi Hewa

Tangu tuanze kampeni ya kukusanya betri kuukuu, zenye metali ya risasi ambayo ni sumu, hapa Lamu, meza yangu imejaa mikebe ya ukoga, ule utelezi wa kijani wa mawe yenye maji. Juzi mzee mmoja wa Mkomani alikuja na mkebe wa maziwa ya unga, ndani yake ukoga aliokwangua kisimani kwa kisu chenye kutu. "Mwanangu, nasikia huko kwenye barafu majani haya ndiyo yanayofichua sumu. Nipimie."

Nia njema, sikatai. Lakini majani yanayopimiwa sumu ya hewani ni kuvumwani, vimea vidogo laini vinavyotanda ardhini kama zulia. Ukoga si kuvumwani, na hili tumeshalieleza zaidi ya mara moja.

Kuvumwani haina mizizi ya kweli wala utando wa nta wa kukinga majani. Hunywa mvua, ukungu na theluji moja kwa moja, pamoja na kilicholetwa na upepo: risasi, nikeli, zinki. Wasweden walianza kupimia hewa kwayo mwishoni mwa miaka ya 1960. Kule Alaska, kando ya barabara ya malori ya mgodi wa zinki na risasi wa Red Dog, kuvumwani ya ukingoni ilikutwa na risasi na kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, tele, zikapungua kila watafiti walivyosogea mbali. Aina waliyoitumia, Hylocomium splendens, huota kidato kipya kila mwaka kama ngazi, hivyo hukatwa vidato vya miaka ya karibuni tu. Antaktika nako, bara la barafu la kusini kabisa mwa dunia, penye aina mbili tu za mimea ya maua, kuvumwani ndiyo tegemeo.

Sasa utaratibu. Kwa kawaida sampuli huchukuliwa mita 300 au zaidi kutoka barabara kuu, pasipodondokewa na maji ya matawi. Glavu ziwe bila unga. Sigara marufuku, maana tumbaku ina kadimiamu. Kuvumwani haioshwi. Hukaushwa kwa nyuzi 40, husagwa, huyeyushwa kwa asidi ya nitriki. Ukikosea hatua moja, mfuko unatupwa. Antaktika pia huhitajiwa kibali, chini ya Itifaki ya Madrid ya 1991, makubaliano ya kimataifa ya kulinda mazingira ya bara hilo.

Ukoga wa kisimani hulowa maji ya jiwe na chokaa. Nikiupima nitasoma kisima, kutu ya kisu na bati la mkebe, si hewa.

Anayevunja betri uani au kumwaga asidi yake mtaroni anavunja Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999. Ni faini au kifungo, au vyote viwili. Tuletee betri nzima, haijafunguliwa.

Yule mzee nilimpa chupa safi ya plastiki, nikamwomba maji ya kisima. Mkebe aliondoka nao. Alisema bado unafaa kupimia mafuta ya taa.