Eti papa akisimama anakufa?

Mimi hili nililiamini kabisa, papa akiacha kuogelea tu kwisha habari yake, na nishawahi kumbishia mtu kijiweni mpaka kahawa ikapoa. Kumbe nilikuwa nawabebesha papa wote tabia ya wachache. Wapo kweli wanaotegemea mwendo, papa mweupe mkubwa mmojawapo. Na kuzama papa anazama kweli akisimama, maana hana kile kibofu cha hewa cha samaki wengine, ila kuzama mpaka kwenye mchanga siyo kufa, ni kujilaza.

Ishu yenyewe ni hewa. Chukulia daladala isiyo na AC. Ikitembea, upepo unaingia wenyewe dirishani, ikisimama kituoni mnaiva. Papa mweupe ndo huyo, anaachama kidogo, mwendo unasukuma maji mdomoni yanapita kwenye matamvua yake ya kupumulia, oksijeni inabaki. Sasa kuna abiria kaja na kipepeo chake cha kujipepea mkononi, huyo hata foleni ya saa nzima haimtishi. Huyo ni papa wa matumbawe mwenye ncha nyeupe pezi la mgongoni: anafungua mdomo anavuta maji, anafunga, koo linayasukuma kama mvukuto wa mhunzi yatokee kwenye matamvua, anarudia hivyohivyo huku katulia tuli. Papa wengi wanaweza njia zote mbili.

Wapiga mbizi wanamkuta huyu wa ncha nyeupe mchana kalala pangoni au mchangani, Sipadan kule Malaysia, Maldivi, kisiwa cha Cocos huko Costa Rica, na makazi yake yanafika hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki. Usiku ndo anaamka kuwinda, anajipenyeza kwenye nyufa za matumbawe kufuata samaki.

Kilichoniacha hoi zaidi ni mapango ya Isla Mujeres, Meksiko. Miaka ya 1970 mtafiti Eugenie Clark alizamia huko akakuta papa wa matumbawe wa Karibi, jamii ambayo watu walidhani lazima iogelee muda wote, wamelala chini kimya. Ikasemwa labda ni maji matamu, yasiyo ya chumvi, yanayochuruzika pangoni, yanapunguza chumvi na kulegeza wadudu wa ngozini, lakini hiyo bado ni nadharia tu. Hata neno kulala lina utata, maana macho yao yalikuwa yanawafuata wapiga mbizi, kama mzee aliyejinyoosha barazani mchana, unapita kwa kunyata ukidhani kasinzia kumbe anakuona mpaka unakata kona.