Simu Ikipotea, Kimepotea Nini?

Zamani aliyepotelewa na simu alipotelewa na simu tu. Alisikitika, akanunua nyingine, akaanza upya kuwaomba ndugu na marafiki namba zao. Leo huyohuyo amepotelewa pia na pochi, albamu ya picha, ramani, barua zake za miaka mingi na, mara nyingi, mlango wa kuingilia benki. Vitu hivi zamani vilikaa mbalimbali. Mwizi wa pochi hakuwa na habari na albamu iliyoko kabatini.

Vilihamia kimoja kimoja. Tarehe 3 Aprili 1973, Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alisimama barabarani jijini New York akapiga simu kwa chombo cha mkononi chenye uzito uliozidi kilo 1, na kazi yake ilikuwa hiyo moja. Ujumbe mfupi wa maandishi ulikuja baadaye: wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, salamu ya Krismasi. Mei 2000 Marekani iliacha kupotosha kwa makusudi mawimbi ya GPS, mfumo wa setilaiti wa kutambua mahali, yanayopokelewa na raia, na kifaa kidogo kikaweza kumwonyesha mtu alipo kwa tofauti ya mita chache. Kamera, benki na kitambulisho vikafuata.

Faida yake sitaibeza. Kiziwi ambaye zamani simu haikumfaa kitu sasa anazungumza kwa lugha ya alama kupitia video. Asiyeona husomewa barua yake na programu, bila kumwomba jirani ambaye angeyajua mambo yake yote. Tunapolalamika kwamba simu zimetuteka, watu hawa tunawasahau.

Ila kilichorahisisha maisha ndicho kilichomrahisishia tapeli kazi. Akaunti nyingi humtambua mwenyewe kwa namba ya simu: ukisahau nywila, unatumiwa msimbo kwa ujumbe mfupi, unauandika, unaingia. Kwa hiyo tapeli hahitaji hata kukiiba kifaa chako. Akimdanganya au kumhonga mhudumu wa mtandao, namba yako inahamishiwa kwenye laini aliyoishika yeye, na kuanzia hapo misimbo yote inamfikia yeye. Wewe unachoona ni kwamba mtandao umekatika. Wengi huzima simu na kuiwasha, wakasubiri, wakalala. Kama walio pembeni yako wanaotumia mtandao huohuo wanaupata na wewe huupati, usisubiri: azima simu, piga kwa kampuni yako ya simu, kisha benki.

Kinga zipo, na nyingi hazina gharama. Barua pepe yako ipewe nywila ya peke yake, isiyotumika kwingine kokote, kwa sababu atakayeingia humo anaweza kubadilisha nywila za akaunti nyingine zote. Panapowezekana, tumia programu ya kutengeneza misimbo badala ya kuipokea kwa ujumbe mfupi. Msimbo uliotumiwa usimtajie mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa ofisa wa benki. Benki haina haja ya kukuuliza. Weka pia namba ya siri kwenye laini yenyewe, si kwenye skrini tu. Bila hiyo, mwizi huichomoa laini, akaichomeka kwenye simu nyingine na kupokea ujumbe wako, hata kama simu yako ameshindwa kuifungua. Picha nazo ziwe na nakala mahali pengine. Simu mpya hununuliwa, picha ya marehemu mzazi haipigwi tena.

Kuna jambo ambalo watu hulicheka nikilitaja: ihifadhi kichwani namba ya simu ya mtu mmoja au wawili. Ukiazimwa simu usiku wa tatizo, bila hiyo utaishia kuitazama tu.

Mwisho, bonyeza *#06#. Zitatokea tarakimu 15, ambazo ni namba ya utambulisho ya kifaa chako. Polisi wanaweza kukuuliza hiyo, na kampuni ya simu inaweza kuitumia kukizuia kifaa kisipate mtandao. Iandike kwenye karatasi. Wapo wanaoipiga picha na kuihifadhi kwenye simu ileile.