Kulipwa mshahara haimaanishi hujalazimishwa

Juzi hapa Kampala kwenye steji ya boda jamaa mmoja akasema kazi ya kulazimishwa ni ya minyororo na viboko, eti dada aliyerudi kutoka Ghuba alisaini mkataba mwenyewe na mshahara alikula, sasa analalamika nini? Aisee, hapo ndo wengi tunakosea.

Mkataba wa ILO, yaani Shirika la Kazi Duniani, namba 29 wa 1930 unaangalia mambo mawili tu, kwamba mtu anafanya kazi kwa kutishiwa adhabu na kwamba hakujitolea kwa hiari yake. Na adhabu si kiboko peke yake, bosi akikaa na pasipoti yako, akikuzuilia mshahara wa miezi mitatu ili usiondoke, au ejenti akikubebesha deni lisiloisha, hayo yote ILO inayataja kama dalili. Uliingia kwa hiari sawa, lakini ukitaka kutoka unaambiwa rudisha kwanza hela ya tiketi, hiari iko wapi hapo?

Mwaka 2021 ILO na wenzake walikadiria watu milioni 27.6 wako kwenye hali hiyo duniani, na wengi wako kwenye biashara za watu binafsi, si serikalini.

Na msifikiri ni mambo ya Ghuba tu jamani. Kahawa yetu inanunuliwa sana Ulaya, na Umoja wa Ulaya (EU) ulishapitisha sheria 2024, kuanzia Desemba 2027 bidhaa iliyotengenezwa kwa kazi ya kulazimishwa haiuzwi kule, haijalishi imetoka wapi.