Msokoto wa tumbo kwa punda na farasi, na kwa nini huja msimu ukigeuka

Msokoto wa tumbo ni maumivu, na maumivu hayo yanaweza kutoka katika maradhi mengi. Punda aliyejaa gesi ana msokoto. Aliyezibwa na kinyesi kikavu ana msokoto. Aliyejipinda utumbo mpaka damu haipiti naye ana msokoto. Wa kwanza huenda akatulia baada ya saa chache, wa tatu anaweza kufa kabla ya alfajiri, na wote watatu mwanzoni wanafanana. Ndiyo maana haifai kuulizia "dawa ya msokoto" dukani kama mtu anavyoulizia dawa ya kichwa. Kwanza ijulikane tumboni mna nini.

Hapa Zanzibar farasi ni wachache, na tunaowaona zaidi ni wale wanaopandwa na wageni ufukweni. Mzigo wa kweli, yaani mchanga, matofali, nazi na madumu ya maji, anauvuta punda, akisaidiana na ng'ombe wa gari. Tumbo la punda na la farasi limeumbwa kwa namna moja, kwa hivyo nitawazungumzia pamoja, na pale wanapotofautiana nitasema.

Farasi ana tumbo dogo kuliko umbo lake linavyoonesha, la lita 8 hadi 15 tu, na mlango wa kuingilia chakula umebana kiasi kwamba hawezi kutapika. Alichokimeza, kiwe kibaya au kimezidi, njia yake ni moja, kwenda mbele. Mbele huko kuna utumbo mwembamba wa mita zaidi ya 20, kisha mfuko mkubwa unaoweza kubeba lita 30 hivi, kisha utumbo mpana uliokunjwa mara kadhaa, ambao mahali pamoja hupinda kwa kasi na kuwa mwembamba ghafla. Humo nyasi huchachushwa na vijidudu vinavyoishi mle, na gesi hutoka mchana na usiku. Utumbo mpana huo haukufungwa sana ubavuni, sehemu kubwa yake inaelea. Ukijaa gesi unaweza kuhama mahali pake, na ukihama unaweza kujipinda.

Sasa tuje kwenye hali ya hewa. Utasikia watu wakisema mvua imemsokota punda. Mvua yenyewe haisokoti tumbo. Inachobadilisha ni maji anayokunywa, nyasi anazokula na mwendo anaopata, na hivyo vitatu ndivyo vinavyoufikia utumbo.

Tuchukue mwisho wa kaskazi, Februari na Machi. Majani yamekauka na kuwa magumu, jua linamkausha mnyama, na katika vijiji vya pwani ya mashariki vilivyokaa juu ya mawe, maji ya visima vingi yana chumvi. Punda huchagua sana maji. Yakiwa na ladha mbaya, au ndoo ikiwa na ukoga, atasimama na kiu yake. Mnyama anayekula majani makavu na kunywa kidogo hutengeneza kinyesi kikavu, na kinyesi kikavu hukwama palepale utumbo unapopinda. Farasi mzima huhitaji lita 20 hadi 40 kwa siku, na wa kazi katika joto letu huzidisha.

Kisha masika yanaingia. Kwa wiki mbili tatu nyasi laini huota kila upande, na mwenye mnyama hufurahi kumwachia ale mpaka atosheke. Vile vijidudu vya tumboni vilikuwa vimezoea majani makavu, havijajiandaa, na nyasi changa huchachuka haraka. Hapo ndipo gesi. Nyasi mpya ziongezwe kidogo kidogo kwa wiki nzima au zaidi, majani makavu yakiendelea kuwepo. Na siku ya mvua kubwa mnyama hufungwa bandani, hatembei, hana hamu ya maji kwa sababu pamepoa, na utumbo unaotegemea mwendo unazorota. Pumba iliyopata unyevu nayo huota ukungu. Ikinuka uvundo, itupwe, hata kama gunia zima limenunuliwa jana.

Ufukweni kuna jambo jingine la peke yake. Farasi au punda anayelishwa chini kwenye mchanga humeza mchanga pamoja na chakula, nao hukaa chini ya utumbo mpana, unaongezeka siku hadi siku. Beseni au kihori kinatosha kuzuia hilo. Na katika mitaa yetu ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, mifuko ya plastiki na vipande vya kamba vinavyoliwa jaani huziba utumbo kwa namna ambayo hakuna dawa ya kuyeyusha.

Farasi akiumwa husema. Huparura ardhi kwa kwato, hugeuka kuangalia ubavu wake, hulala na kuinuka, hugaagaa, hutoka jasho. Punda hasemi. Huyu ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wote, kwa sababu watu husubiri aonyeshe dalili za farasi. Punda mwenye maumivu makali anaweza kusimama tu, masikio yameanguka, kichwa chini, hataki kula. Wenyewe husema "leo amenuna" na kumfunga kwenye gari. Punda aliyeacha kula achukuliwe kuwa mgonjwa, siku hiyo hiyo. Kuna sababu ya pili ya haraka: punda asipokula, mwili wake huyeyusha mafuta uliyoyaweka na kuyamwaga kwenye damu kwa wingi kupita kiasi, ini hushindwa, na akafa kwa hilo wakati msokoto wenyewe ulikuwa unatibika.

Minyoo nayo ni chanzo, na hapo tena msimu una mkono wake. Mayai hutoka na kinyesi. Penye joto na unyevu huanguliwa, na baada ya wiki moja hivi viluwiluwi hupanda kwenye majani yenye maji vikingoja kuliwa. Masika na vuli ni sikukuu yao. Punda aliyefungwa kamba fupi mahali pamoja kila siku anakula akizunguka kinyesi chake mwenyewe. Minyoo mikubwa ya damu hupitisha viluwiluwi vyake ndani ya mishipa inayolisha utumbo, midogo hujificha kwenye ukuta wa utumbo kwa miezi, tegu hujazana pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana, na kwa kihongwe, yaani mtoto wa punda, mchango mkubwa unaweza kujifunga fundo na kuziba kabisa. Kihongwe mwenye minyoo mingi asipewe dawa kali bila bwana mifugo, kwa kuwa minyoo ikifa yote kwa pamoja inaweza kuziba vilevile.

Kwa wakubwa, mtindo wa kunywesha dawa kila baada ya miezi kadhaa, anayehitaji na asiyehitaji, umeleta minyoo isiyosikia dawa. Lililo bora ni kinyesi kipimwe mayai kwanza, na dozi ifuate uzito wa mnyama. Dozi ndogo ni mbaya kuliko kutokutoa, kwani inawafunza minyoo kuishi nayo. Dawa ya minyoo iitwayo aivamektini haiui tegu, kwa hao kuna prazikwanteli. Na kuna kazi isiyogharimu kitu: kuzoa kinyesi mara mbili kwa wiki, na kupisha ng'ombe wale kwenye nyasi za punda. Minyoo mingi ya punda hufia tumboni mwa ng'ombe.

Ila kuna dawa moja ya ng'ombe isimguse punda wala farasi. Amitrazi, inayotumika kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, huweza kusimamisha utumbo wao. Chakula hukwama, hukauka, na msokoto mkali hufuata baada ya siku moja au mbili. Kabla ya kumwogesha punda kwa dawa iliyobaki josho, soma kibandiko. Chakula cha kuku kilichotiwa dawa ya monensini nacho ni sumu kwake, huua moyo.

Kumfunika nguo au blanketi mnyama anyeshewapo ni desturi ya nchi za baridi, na mimi siioni faida yake hapa. Hata usiku wa Julai joto letu halishuki sana chini ya nyuzi 20, na farasi mzima wa Ulaya, hata asipokuwa na manyoya ya baridi, huvumilia hadi karibu nyuzi 5. Ukimvika turubai katika unyevu wetu atatoka jasho chini yake, atapoteza maji na chumvi anazohitaji tumboni, na ngozi itafanya magaga. Anachohitaji ni paa. Hasa punda, kwa sababu manyoya yake hayazuii maji vizuri kama ya farasi. Banda la makuti lililoinuliwa, lenye ukuta upande wa kusi na sakafu isiyotuama maji, linamtosha.

Akipatwa, ondoa chakula chote, acha maji. Tazama saa na ukumbuke lini alinya mara ya mwisho. Weka sikio ubavuni, pande zote mbili: tumbo lenye afya hunguruma, na ukimya ni habari mbaya. Inua mdomo, ufizi uwe wa waridi na wenye majimaji. Bonyeza kwa kidole, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Mwite bwana mifugo ukiwa na majibu hayo. Akitaka kugaagaa kwa nguvu, mtembeze polepole, lakini si mpaka achoke. Usimmiminie mafuta, soda wala chai ya tangawizi kwa chupa, vinaingia kwenye mapafu. Bwana mifugo ana mpira wa kupitisha puani hadi tumboni kwa kazi hiyo. Na usimpe vidonge vya binadamu, kwani vinaficha maumivu ambayo bwana mifugo anahitaji kuyaona.

Akipona, mpe konzi chache za majani laini yaliyoloweshwa, mara nyingi kwa siku, na ungoje kinyesi kiwe cha kawaida kwa siku mbili tatu kabla hajarudi kwenye gari.