HMS Dreadnought haikuzigeuza manowari nyingine kuwa chuma chakavu

Ninahakiki makala za kamusi elezo kuhusu manowari za mwanzoni mwa karne ya 20, na kuna dai moja nimelifuta hadi nimechoka: kwamba mwaka 1906, manowari ya Kiingereza HMS Dreadnought ilipoanza kazi, manowari zote duniani ziligeuka chuma chakavu siku hiyohiyo. Linabadilishwa maneno mawili matatu, linarudi. Wengine huliweka aya ya kwanza kabisa, na makala nzima ikajengwa juu yake.

Ukweli kidogo umo, na huo ubaki. Manowari kuu, yaani meli kubwa kabisa za kivita, za kabla yake zilibeba mizinga ya ukubwa mchanganyiko. Zile za Kiingereza za daraja la King Edward VII zilikuwa na minne ya inchi 12 (kipenyo cha mdomo wa mzinga), minne ya inchi 9.2 na kumi ya inchi 6. Kulenga kwa mbali wakati ule kulitegemea mtu aliyekaa juu mlingotini, akitazama maji yanaporuka pale kombora linapoanguka: limepita au halijafika? Kwa umbali huo maji yaliyorushwa na kombora la inchi 12 hayatofautiani na ya inchi 9.2. Sasa atasahihisha mzinga upi? Dreadnought ilikuja na mizinga mikubwa 10, yote ya inchi 12, na turbini za mvuke zilizoipa mwendo wa fundo 21 (maili za baharini kwa saa). Kwenye mstari wa vita, meli ya zamani haikuiweza ana kwa ana.

Lakini kuzidiwa si kutupwa, na ushahidi uko mlangoni kwetu. HMS Goliath, manowari kuu ya Kiingereza ya kizazi cha zamani, ilishushwa majini mwaka 1898. Tarehe 28 Novemba 1914 ilikuwa mbele ya Dar es Salaam pamoja na kruza HMS Fox, ikaupiga mji kwa mizinga, ikarudia tarehe 30. Henry Ritchie, ofisa wa Goliath, alipewa Msalaba wa Victoria kwa shambulio la bandarini siku ile ya kwanza. Wakazi wa Dar hawakupigwa na chuma chakavu! Meli hiyo ilikwisha Mei 1915 huko Dardanelles, mlango wa bahari wa Uturuki, ilipopigwa topido na meli ya Kituruki Muavenet-i Milliye, na watu zaidi ya 500 wakafa.

Hukohuko Dardanelles, tarehe 18 Machi 1915, Waingereza na Wafaransa walipeleka manowari zao nyingi za zamani, na tatu zikazama siku moja: Bouvet, Irresistible na Ocean. Siku hiyohiyo Dreadnought yenyewe ilikuwa kaskazini mwa Scotland ikiigonga na kuizamisha nyambizi U-29. Haikuwahi kuzamisha manowari kuu hata moja, na vita vya Jutland, pigano kubwa la majini kati ya Waingereza na Wajerumani, vilipopiganwa mwaka 1916 ilikuwa kwenye matengenezo. Wajerumani walikwenda Jutland na meli sita za zamani. Pommern ikalipuka na hakupona mtu. Meli ya daraja lake hilohilo, Schleswig-Holstein, ndiyo iliyoishambulia Westerplatte, ngome ya Poland, alfajiri ya tarehe 1 Septemba 1939. Hiyo ni miaka 33 baada ya Dreadnought.

Kwa hiyo nawasihi waandishi: kabla ya kuandika "ilipitwa na wakati", ifuate meli hiyo mwaka kwa mwaka hadi ilipozama au kuuzwa. Kazi hiyo haina njia ya mkato.

Mengine nitayapitia upesi. Admirali Fisher, mkuu wa jeshi la majini la Uingereza, hakuliota peke yake wazo la mizinga mikubwa ya ukubwa mmoja. Mwitaliano Vittorio Cuniberti alilichapisha mwaka 1903, Wajapani waliulaza mkuku (uti wa chini) wa manowari Satsuma Mei 1905, kabla ya Dreadnought, na Marekani iliidhinisha manowari South Carolina mwaka huohuo. Kauli kwamba Dreadnought "ilijengwa kwa mwaka mmoja na siku moja" nayo ina mushkeli: mkuku ulilazwa Oktoba 1905, lakini vifaa vilikuwa vikikusanywa tangu Mei, na minara ya mizinga ilichukuliwa kutoka oda ya meli nyingine. Andikeni tarehe tatu kila mara: kulazwa mkuku, kushushwa majini, kuanza kazi. Na mizinga 10 ya Dreadnought haikufyatuka yote upande mmoja. Ilifyatuka minane, kwa kuwa minara miwili ilikaa ubavuni, mmoja kila upande.

Kuhusu kruza tatu kubwa za Kiingereza zilizolipuka Jutland, msiishie kwenye "deraya nyembamba", yaani mabamba membamba ya chuma ya kinga. Baruti iliachwa wazi nje ya ghala ili mizinga ifyatue haraka, na moto ukapata njia ya kushuka chini. Wajerumani walikuwa wamekwishaonja moto wa namna hiyo ndani ya meli yao Seydlitz mwaka 1915.

La mwisho ni la nyumbani. SMS Königsberg, meli ya Kijerumani iliyojificha Rufiji, haikuwa manowari kuu. Ilikuwa kruza nyepesi ya tani kama 3,400, na iliweza kujificha kwenye delta ambako meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata. Ndiyo maana Julai 1915 waliimaliza kwa Severn na Mersey, meli za mitoni zilizojengwa awali kwa ajili ya Brazil. Anayebisha aende Fort Jesus, Mombasa, akautazame mzinga wa Königsberg uliohifadhiwa pale. Kipenyo cha mdomo wake ni sentimita 10.5. Inchi 12 za Goliath ni sentimita 30.5.